Leseni ya Gari la Teksi Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naendesha gari la oda, lile linalobeba walioagiza tu, nje ya London, na simu ninazopigiwa na Waswahili wenzangu huanza karibu zote kwa maneno yaleyale: "Kaka, gari nimeshanunua, sasa leseni naipataje?" Hapo huwa nashusha pumzi. Gari ndilo jambo la mwisho kununua, na majibu mengi hapa chini yanazunguka palepale. Nimezungumzia gari tu. Leseni ya dereva ina safari yake ndefu. Mengi yanahusu England na Wales. Pale London inapokwenda njia yake nimesema. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 1982, ingawa huko nako halmashauri ndizo zinazotoa leseni, na Ireland ya Kaskazini halmashauri hazihusiki kabisa: kazi hiyo ni ya DVA, wakala wa serikali wa madereva na magari.

Nahitaji leseni ngapi kabla ya kubeba abiria wa kwanza?

Ukifanya kazi za oda, tatu: ya dereva, ya gari na ya kampuni inayopokea oda. Zote tatu zitoke halmashauri moja. Mwenye leseni ya udereva ya Leicester akikamata usukani wa gari la oda lenye kibao (bati la leseni) cha Coventry, anavunja sheria hata kama karatasi zote mbili ni halali. Ukitaka kujitegemea na wateja wako wa simu bado ile ya tatu inakuhusu: wewe mwenyewe unageuka kampuni, unaomba leseni ya kupokea oda na unatunza kumbukumbu za kila safari. Mwenye teksi ya mjini yeye anatosheka na mbili.

Leseni ya gari haizidi mwaka mmoja. Ya dereva kwa kawaida ni miaka 3 na ya kampuni miaka 5, kwa hiyo usichanganye tarehe. Wengi wanaosimamishwa kazi kwa siku mbili tatu ni kwa sababu leseni ya gari imeisha wakati ya udereva bado ina miaka mbele.

Teksi na gari la oda si kitu kimoja?

Kwetu chochote kinachobeba mtu kwa malipo ni teksi. Kisheria hapa ni vitu viwili. Teksi yenyewe, ambayo kwenye fomu utaikuta imeandikwa hackney carriage, inaruhusiwa kusimama kwenye kituo cha teksi na kumchukua anayeipungia mkono barabarani. Sheria yake kuu, kwa nje ya London, ni ya mwaka 1847, wakati wa farasi, na bado inatumika. Gari la oda, private hire, linabeba tu mtu aliyeagiza kupitia kampuni yenye leseni. Sheria yake ni ya mwaka 1976.

Ukiwa na gari la oda na mtu akakugongea dirisha nje ya klabu saa nane za usiku akakwambia "nipeleke tu nyumbani, nakulipa taslimu", ukimchukua umefanya makosa mawili kwa mkupuo: umebeba bila oda, na kwa safari ile bima yako kwa kawaida haifanyi kazi. Halmashauri hutuma watu wao waliovaa kama walevi wa kawaida kutega madereva kwa njia hiyohiyo. Mwambie aagize kwenye simu yake, kisha subiri.

Ni lazima niombe kwenye halmashauri ninayoishi?

Hapana. Kwa gari la oda unaweza kuomba kwingine, na oda ikishapokelewa kihalali na kampuni ya halmashauri yako, unaweza kubeba abiria mji wowote. Tangu Oktoba 2015 sheria inaruhusu pia kampuni kumpa oda mwenzake aliye na leseni ya halmashauri nyingine. Ndiyo maana magari yenye kibao cha Wolverhampton yanaonekana Manchester, Birmingham na kwingineko. Ripoti ya Louise Casey ya Juni 2025, aliyoiandikia serikali kuhusu magenge yanayonyanyasa watoto kingono, ilitaka utaratibu huo ukomeshwe, kwa hiyo anayenunua gari leo kwa kutegemea halmashauri ya mbali ajue kwamba upepo unaweza kugeuka.

Kwa teksi za mjini mambo ni tofauti. Halmashauri inaweza kukuuliza utafanyia kazi wapi, na ikikataa kwa sababu hutarajii kuonekana mjini kwake, haijakuonea. Halafu kuna ukomo wa idadi: sheria ya mwaka 1985 inairuhusu halmashauri kufunga mlango wa teksi mpya iwapo imejiridhisha kwamba hakuna mahitaji makubwa yasiyotimizwa. Magari ya oda hayana ukomo England na Wales.

Gari la aina gani linakubaliwa?

Sheria ya 1976 imesema machache. Gari liwe linafaa kwa aina, ukubwa na umbo. Liwe zima, salama na la kukalika. Lisifanane na teksi ya mjini kiasi cha kumdanganya mtu. Na liwe na bima. Abiria wasizidi 8. Kiti cha tisa kikishaingia umehamia kwenye sheria ya mabasi.

Yaliyobaki yote yamo kwenye sera ya halmashauri, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Halmashauri moja inataka milango minne na nafasi ya mzigo ya kutosha nyuma. Jirani yake inapima upana wa kiti cha nyuma kwa sentimita ili watu watatu wakae bila kubanana. Nyingine haitaki abiria wa safu ya tatu aliyelazimika kukunja kiti cha mwenzake ili atoke, na hapo magari mengi ya viti saba yanahesabiwa kuwa na viti vitano au sita. Rangi nayo ni habari: teksi za Bristol ni za buluu, za Brighton ni nyeupe zenye boneti ya kijani-buluu, za Leeds ni nyeupe na nyeusi. Mtu akinunua teksi iliyotumika mji mwingine, gharama ya rangi imo ndani ya bei, akumbuke au asikumbuke.

Mimi mwenyewe gari langu la kwanza lilikwama kwa kitu nisichokifikiria. Kwa macho lilikuwa zuri, kilomita chache, muuzaji mcheshi. Ofisa akaandika namba ya gari kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini: liliwahi kufutwa na bima, yaani kampuni ya bima ilishaona halistahili gharama ya kutengenezwa. Nililiuza kwa hasara.

Gari lililofutwa na bima halifai kabisa?

Yaliyowekwa daraja A au B hayarudi barabarani kwa mtu yeyote, hayo hayana mjadala. Daraja S maana yake fremu ya gari iliumia, N maana yake uharibifu haukugusa fremu hiyo. Kisheria yote mawili yakitengenezwa yanatembea. Lakini halmashauri nyingi hukataa S moja kwa moja, na baadhi hukataa hata N, au hudai ripoti ya fundi wa kujitegemea. Kuulizia historia ya gari mtandaoni ni pauni chache tu. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata arubuni.

Kuna umri wa mwisho wa gari?

Sheria ya nchi haikuweka. Mwongozo wa Wizara ya Usafiri wa Novemba 2023 unazishauri halmashauri zisitumie umri peke yake kama kigezo, kwa sababu gari la miaka minane linalotunzwa linaweza kuwa safi kuliko la miaka mitatu lililochoshwa. Lakini mwongozo ni mwongozo. Zipo halmashauri nyingi zenye umri wa kuingia na umri wa kutoka: gari jipya kwenye leseni lisizidi miaka kadhaa, na likifika umri fulani halihuishwi tena. Soma namba zote mbili. Ukinunua gari lililobakiza miaka miwili tu kwenye sera, umenunua kazi ya miaka miwili.

Na London?

London hakuna suala la halmashauri za mitaa. Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji, ndiyo inayotoa kila kitu. Madereva bado husema "gari la PCO", jina la ofisi ya zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2023, gari la oda linalopewa leseni kwa mara ya kwanza lazima liweze kutembea bila moshi: la umeme, au la kuchomeka chajini lenye uwezo wa kwenda angalau maili kadhaa kwa umeme mtupu. Prius ya kawaida isiyochomekwa, ambayo ilikuwa punda wa kazi kwa miaka, haiingii tena kama gari jipya kwenye leseni. Umri wa mwisho ni miaka 10.

Teksi nyeusi zilianza mapema zaidi: sharti lao la kutembea bila moshi ni la Januari 2018, na kuna lile sharti la kale la kuweza kugeuka ndani ya futi 25, ambalo ndilo linalozuia gari la kawaida kuwa teksi nyeusi. Jambo lingine: magari ya oda yalipoteza msamaha wa tozo ya msongamano ya katikati ya London Aprili 2019. Teksi nyeusi bado zinao.

Dizeli yangu hailipi tozo ya hewa safi. Nikiisajili teksi itakuwaje?

Hili swali lingeulizwa zaidi watu wangeokoa mengi. Kuna miji ambayo gari binafsi halilipi kitu, ila lilelile likipata kibao cha teksi linaanza kulipa. Sheffield ilianza Februari 2023 kwa pauni 10 kwa siku, Newcastle na Gateshead Januari 2023 kwa pauni 12.50. Gari lako la dizeli ambalo halijafika kiwango cha Euro 6, au la petroli ambalo halijafika Euro 4 (hivi ni viwango vya Ulaya vya moshi wa gari), linaingia kwenye hesabu hiyo. Tozo inafuata gari, haifuati abiria. Siku unayokwenda kununua unga wa ugali mjini nayo inahesabiwa. Birmingham, tangu Juni 2021, inatoza pauni 8 bila kujali kama ni teksi au la. London ni pauni 12.50 ya ULEZ, tozo ya moshi ya jiji, ambayo tangu tarehe 29 Agosti 2023 imefika wilaya zote za jiji.

Piga hesabu ya siku 25 kwa mwezi kisha uone kama dizeli ile ya bei rahisi bado ni rahisi.

Vioo vya giza je?

Kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, vya pembeni mbele asilimia 70. Hiyo ni sheria ya magari yote. Vya nyuma sheria ya jumla haijavigusa, ila halmashauri nyingi hutaka ofisa aone aliyekaa nyuma. Mwongozo wa 2023 unazishauri zisiwalazimishe watu kung'oa vioo vilivyotoka kiwandani. Plastiki ya giza uliyobandika mwenyewe haina mtetezi.

Nyaraka gani nibebe?

Kadi ya gari yenye jina lako, yaani V5C, au risiti ya ununuzi kama kadi bado haijafika. Cheti cha MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa magari yote, na cheti cha ukaguzi wa halmashauri. Cheti cha bima chenye maneno ya kubeba abiria kwa malipo. Fomu na ada. Mwenye gari naye huombwa cheti cha rekodi ya jinai cha ngazi ya msingi (basic) kila mwaka, kwa viwango vya serikali vya Julai 2020, hata kama haendeshi yeye. Dereva ana chake kikubwa zaidi. Ule ukaguzi wa kodi wa HMRC, mamlaka ya kodi, ulioanza Aprili 2022 unahusu leseni ya dereva na ya kampuni, si ya gari, kwa hiyo usiusubirie.

Ada hutofautiana sana. Sheria inairuhusu halmashauri kurudisha gharama zake tu, si kutengeneza faida.

Ukaguzi una tofauti gani na MOT?

Teksi huanza MOT likitimiza mwaka mmoja, wakati gari binafsi hungoja miaka mitatu. Juu ya hapo halmashauri ina ukaguzi wake kwenye gereji iliyoiteua, na inaweza kukuita hadi mara 3 kwa mwaka. MOT inauliza kama gari ni salama. Ukaguzi wa halmashauri unauliza pia kama mgeni wa mji angefurahi kukaa humo: kitambaa kilichochanika, harufu ya sigara, taa ya ndani isiyowaka, mkanda unaosuasua kurudi. Safisha gari, chini pia; fundi asipoona kilichopo chini ya tope anaweza kukurudisha bila kulikagua. Tairi zinazokaribia ukomo badilisha kabla. Halmashauri nyingine hutaka kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza, nyingine zimeacha.

Kibao nikiweke wapi, na ni cha nani?

Kwa kawaida nje, nyuma ya gari, kimefungwa kwa kishikizo, si kwa gundi wala sumaku isipokuwa sera iseme hivyo. London magari ya oda yana stika za duara kwenye vioo badala ya kibao. Kibao ni mali ya halmashauri hata kama umekilipia. Leseni ikiisha au ikisimamishwa unakirudisha.

Bima ya kawaida inatosha?

Haitoshi. Hata ile ya "kazini" haitoshi. Mwambie wakala kama unabeba kwa oda au unasimama kituoni, maana ni bima mbili tofauti na bei zake si moja. Kukamatwa bila bima huanzia faini ya pauni 300 na pointi 6, na polisi wanaweza kulichukua gari palepale. Aliyepata leseni yake ya kuendesha chini ya miaka miwili iliyopita, pointi 6 zinamrudisha kwenye mtihani. Na halmashauri itasikia.

Mke wangu anaweza kuliendesha kupeleka watoto shule?

Nje ya London, hapana, isipokuwa naye ana leseni ya dereva wa teksi ya halmashauri hiyohiyo. Najua linavyosikika. Gari ni lako, umelipa kwa jasho lako, kibao umekifunika, ni Jumapili, na anakwenda dukani tu. Haijalishi. Mahakama ziliamua, kwa teksi mwaka 1970 na kwa gari la oda katika kesi ya Benson dhidi ya Boyce ya 1997, kwamba gari likishapewa leseni linabaki na hadhi hiyo saa zote 24, liwe na abiria au lisiwe nao. Anayelikalia usukani lazima awe na leseni.

Hata nduguyo aliyetoka Mombasa kwa likizo, au kijana wako aliyefaulu mtihani jana, ni hivyohivyo. Nyumba nyingi za madereva huishia kuwa na kagari kengine kadogo kwa sababu hii moja. Liweke kwenye bajeti mapema. London sheria yake ya 1998 inaangalia kama gari liko kazini, kwa hiyo huko familia inaweza kulitumia mradi bima imewataja.

Nawapeleka watu Heathrow kwa oda za WhatsApp. Nahitaji leseni?

Ndiyo, zote tatu. Kuwa mnajuana kijijini au mnaswali msikiti mmoja hakubadilishi kitu. Ukipanga bei na kupata faida, unaendesha biashara ya teksi.

Kuchangiana mafuta ni jambo jingine. Mkikubaliana kabla ya safari kwenda msibani Coventry watu wanne, na mchango hauzidi gharama za gari kwa safari hiyo, sheria inakubali. Tatizo ni kwamba mchango huo hufanyika kila Ijumaa, kwa bei ileile, kwa watu tofauti. Hapo ofisa hatahitaji kuuliza sana.

Harusi?

Gari linalotumika kwa ajili ya harusi au mazishi limesamehewa. Msafara wa bibi harusi hauhitaji kibao. Kuwarudisha wageni hotelini saa saba usiku kwa pauni kumi kumi si harusi tena.

Nimegongwa. Nifanyeje?

Ajali iliyogusa usalama, mwonekano wa gari au starehe ya abiria uitaarifu halmashauri haraka, na isipite saa 72. Mwonekano umetajwa waziwazi, kwa hiyo bampa iliyobonyea inahesabika. Gari la kubadilishia nalo liwe na leseni ya halmashauri yako. La binamu halikubaliki hata kwa siku moja. Unaponunua bima uliza kama wanatoa gari lenye kibao, na la halmashauri ipi. Nimeona dereva aliyepewa gari zuri lenye kibao cha mji mwingine, akakaa nalo nyumbani wiki tatu akiliangalia.

Nikiliuza gari likiwa na leseni?

Iarifu halmashauri kwa maandishi ndani ya siku 14, ukitaja jina na anwani ya aliyelinunua.

Ofisa akinisimamisha barabarani?

Yeye au polisi wanaweza kulikagua gari na kusimamisha leseni palepale kwa notisi ya maandishi, taa moja au tairi moja ikitosha. Tengeneza, rudi kukaguliwa, omba karatasi ya kuondoa notisi. Miezi miwili ikipita bila wao kuridhika, leseni inahesabiwa imefutwa yenyewe. Watu huchelewa kwa kungoja pesa za matengenezo, angalau waandikie.

Lazima gari liingize kiti cha magurudumu?

Kwa gari la oda, kwa kawaida hapana. Kwa teksi mpya, halmashauri nyingi hazitoi kibao kwa gari lisiloweza. Gari lako likiwa kwenye orodha ya halmashauri ya magari hayo, dereva lazima amsaidie abiria kupanda na asimtoze hata senti ya ziada. Tangu Juni 2022, abiria mlemavu analindwa hata kwenye gari la kawaida.

Naulizwa pia kuhusu mbwa wa wasioona, hasa na Waislamu wenzangu. Sheria haina msamaha wa dini. Msamaha ni wa kiafya tu, kwa cheti cha halmashauri. Faini ya kukataa hufika pauni 1,000. Mbwa hawa hulala sakafuni miguuni mwa mwenyewe; mkeka wa mpira unaofulika unamaliza shughuli.

Wakininyima?

Omba sababu kwa maandishi. Kwa gari la oda unakata rufaa mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21. Kunyimwa leseni ya teksi ya mjini, kwa ajabu ya sheria za zamani, kunakwenda Crown Court, mahakama iliyo juu ya ile ya mahakimu. Kabla ya kufika huko, muulize ofisa kama kuna njia ya kuomba sera ilegezwe kwa gari lako. Halmashauri nyingi zinayo, na haina gharama ya wakili.

Ni bora kukodi kwanza?

Kwa anayeanza, naona ni bora, ingawa wiki kwa wiki inauma. Gari linakuja na kibao, mara nyingi na bima, na baada ya miezi mitatu utajua kama kazi yenyewe unaiweza. Soma mkataba kuhusu nani analipa ukaguzi ukifeli, na siku ngapi za taarifa ukitaka kulirudisha. Ukiamua kununua, fungua sera ya halmashauri, tuma barua pepe kwa ofisi ya leseni ukiwaandikia aina ya gari, mwaka, idadi ya viti na namba yake ya usajili, na usilipe mpaka wamejibu.